Hela Mkononi



Mtaani kwetu Tanga kuna mama anayeuza maandazi. Huwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, na jua linapochomoza watoto wa shule wameshajipanga mbele yake na sarafu zao. Kwa miaka mingi tulimjua kwa jambo moja: hata katika joto la kaskazi, mbele ya moto wa mkaa, alivaa blauzi ya mikono mirefu iliyobanwa kwa mpira. Tulidhani ni staha tu. Siku moja mpira ukakatika, mkono wa blauzi ukapanda, viwiko vikaonekana. Vilikuwa na mabaka mazito, rangi yake kama zambarau iliyoiva, na juu yake magamba makavu yenye weupe wa majivu.

"Bibi, unga umekugandia," mtoto mmoja akasema, akanyoosha kidole ampanguse. Mama yake akamvuta kwa nguvu hadi andazi likaanguka.

Maneno yakasambaa mtaani upesi kuliko moshi wa jiko lake. Huyu akasema ukoma, yule akasema ni ule ugonjwa wa kunong'onezwa, mwingine akasema karogwa na mke mwenza wa zamani. Wateja wakapungua. Waliobaki wakabadili namna ya kulipa: hela wakaitupa ubaoni, na chenji wakataka iwekwe palepale ubaoni, wasije wakagusana vidole naye. "Kuungua mafuta nimezoea," aliniambia siku aliponiruhusu niandike habari zake bila jina. "Ile ya ubaoni ndiyo sijaizoea."

Ugonjwa wake unaitwa soriasisi. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa taulo, kwa kitanda, kwa maji ya kuoga, wala kwa andazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nao. Kwa hiyo hata kama humjui mwenye soriasisi, huenda umekaa naye daladala moja, naye amevaa mikono mirefu. Ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba uujue ugonjwa huu vizuri kiasi cha kumfaa jirani yako, kwa sababu tiba nyingi tunazompa zinamuunguza, na dharau tunayomwonyesha inamuunguza zaidi.

Si ukoma, wala si uchafu

Kuuchanganya ugonjwa huu na ukoma ni kosa la zamani, na si letu peke yetu. Ulaya nako, kwa karne nyingi, wenye magamba ya ngozi walihesabiwa pamoja na wakoma. Ni mwaka 1841 tu ndipo daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoonyesha wazi kwamba soriasisi ni ugonjwa unaojitegemea.

Mama wa maandazi alipofika zahanati, nesi kijana alimwamkia, akamkalisha, akamwomba afumbe macho. Akachukua uzi wa pamba na kumgusa katikati ya baka. "Nimekugusa wapi, mama?" Akaonyesha kwa kidole. Akamgusa tena pembeni, akaonyesha tena, hakukosea hata mara moja. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia, la soriasisi linahisi kila kitu. Kisha nesi akatazama kucha na kuona vishimo vidogo vidogo, kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano. Akapekua nywele, akakuta magamba yaliyoganda nyuma ya masikio. Viwiko, magoti, kichwa, kiuno kwa nyuma na kucha: hayo ndiyo makao yanayopendwa na ugonjwa huu. Akamwandikia rufaa kwa mtaalamu wa ngozi hospitali ya mkoa.

Na hata ingekuwa ukoma, ukoma siku hizi unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Kwa hiyo tuna haki gani ya kumtupia yeyote hela ubaoni?

Jambo moja tulikumbuke sisi wenye ngozi nyeusi. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu yenye magamba ya fedha, kwa sababu zilipigwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu baka huonekana la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na likipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi. Alama hiyo si ugonjwa uliobaki. Usikimbilie mkorogo kuifuta.

Ngozi inayokimbia

Ngozi ina muda wake, kama chapati kikaangoni. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu huku zikikomaa, hufika juu na kupukutika bila sisi kuona. Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi safari ni ya siku 3 hadi 5. Seli zinafika juu zikiwa mbichi, zinarundikana na kushikamana kama chapati zilizoepuliwa kabla ya kuiva. Marundo hayo ndiyo magamba.

Anayezikimbiza ni kinga ya mwili yenyewe. Waliokulia kwenye mitaa yenye sungusungu watanielewa. Kazi ya sungusungu ni kulinda, na usiku wa heri wanalinda kweli. Lakini mara mojamoja mmoja hupiga filimbi bila mwizi kuwapo, wenzake wakatoka na marungu, na anayepigwa ni mwenye nyumba. Ndivyo ilivyo hapa: askari wa kinga wanaishambulia ngozi isiyo na kosa, ngozi inavimba, inawaka, na inazaa seli mbio mbio kujiokoa.

Kwa nini filimbi ipigwe kwa huyu na si kwa yule? Sehemu ya jibu ni urithi. Ugonjwa huu hutembea katika koo, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa ataupata. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuwa nao na mwenzake asiwe nao. Mama wa maandazi alipoulizwa alikumbuka kwamba marehemu mama yake alikuwa na "mba isiyokwisha" kichwani. Pengine ilikuwa hiyohiyo.

Urithi ni kuni tu, kinahitajika kiberiti. Viberiti vinavyojulikana vizuri ni hivi. Mafindofindo ya koo yanayoletwa na bakteria yanaweza, hasa kwa watoto na vijana, kuleta mvua ya vipele vidogo kama matone. Huzuni na mawazo mengi: mabaka ya mama huyu yalianza miezi michache baada ya kumzika mumewe. Sigara. Pombe. Uzito mkubwa wa mwili. Baadhi ya dawa, zikiwamo propranololi inayotumika kwa presha na moyo, lithiamu inayotumika kwa magonjwa ya akili, na klorokwini. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini kwa mwasho wake kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Mwasho ule ulikuwa jambo lingine, lakini kwa mwenye soriasisi dawa hiyo ingeweza pia kuchochea mabaka. Ukiwa na dawa ya presha, usiiache kwa kusoma barua hii. Mwulize aliyekuandikia.

Kiberiti kingine ni jeraha. Daktari wa Kijerumani Heinrich Köbner aligundua katika karne ya 19 kwamba ngozi ya mgonjwa ikichubuliwa, baka jipya linaweza kuota palepale. Mama wa maandazi hakumsikia Köbner maishani mwake, lakini alinionyesha mkono wake wa kulia: kila lilipomrukia tone la mafuta ya moto, wiki mbili baadaye paliota doa la magamba. Alidhani mafuta yana sumu. Kumbe ni jeraha dogo lililowaamsha sungusungu.

Kuna pia VVU. Soriasisi peke yake si dalili kwamba mtu ana VVU, na wengi walio nayo hawana. Lakini soriasisi inayolipuka ghafla kwa ukali kwa mtu mzima inaweza kuwa ishara ya kwanza, na akianza dawa za kufubaza virusi ngozi nayo mara nyingi hupata nafuu. Basi mhudumu akisema "tupime", anatafuta njia ya kumsaidia mgonjwa, hamshutumu.

Je, "damu chafu"? Jini? Kijicho? Damu ya mgonjwa haina taka ya kutolewa kwa dawa za kuharisha. Anayemharisha mtu wiki nzima ili "amsafishe damu" anampotezea maji na chumvi za mwili, na magamba yanabaki palepale.

Vya nyumbani vinavyofaa

Nyumbani kuna kazi kubwa ya kufanya, na sehemu yake kubwa ni ya bei ndogo. Kanuni ni moja: ngozi hii inataka kulainishwa, haitaki kuadhibiwa.

Oga kwa maji ya vuguvugu, dakika kumi zinatosha. Maji ya moto sana yanakausha. Acha sabuni ya mche kwa nguo. Tumia sabuni laini isiyo na manukato makali. Dodoki na jiwe la kusugulia visiguse mabaka haya, kwa maana kila mchubuko ni kiberiti. Jipanguse kwa kanga iliyochakaa, kwa kuigusisha, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini ya kawaida, mara mbili kwa siku au zaidi. Vaselini haizuii kinga kupiga filimbi, lakini hulainisha magamba, hupunguza mwasho na mipasuko, na husaidia dawa ya hospitali ipenye. Mkaangaji wa maandazi na kila anayekaa karibu na moto ajihadhari: nguo iliyolowa vaselini au mafuta hushika moto upesi. Afue nguo mara kwa mara, na apake kwa wingi jioni kazi ikiisha.

Kwa kichwa, mafuta ya nazi yanafaa. Paka usiku kwenye magamba, funga kitambaa, asubuhi chana taratibu kwa kitana cha meno mapana, kisha osha. Usiyabandue magamba kwa kucha hata yakikushawishi.

Jua la asubuhi ni rafiki wa wengi wenye soriasisi. Baadhi ya hospitali kubwa zina hata taa maalumu zenye sehemu ya miale ya jua. Kuyaachia mabaka jua la asubuhi kwa dakika kumi au kumi na tano mara chache kwa wiki kunaweza kusaidia. Jua la kuunguza ni jeraha, na jeraha tumeshaliona. Wenye ualbino, na wale ambao ngozi yao huzidi kuwaka juani, wasijaribu.

Mshubiri? Majaribio madogo yamefanywa kwa ute wake. Baadhi yalionyesha nafuu, mengine hayakuonyesha. Ukitaka kuujaribu, tumia ute mweupe wa ndani, uache ule utomvu wa njano unaowasha, na uanze na sehemu ndogo kwa siku mbili. Manjano kwenye mchuzi hayana neno, ila mchuzi si tiba. Maji ya bahari huwapa wengine ahueni, mradi usuuze kwa maji baridi na kupaka vaselini mara utokapo. Yakikuta mipasuko yanauma, basi ngoja ifunge.

Na chakula? Hakuna orodha ya mwiko inayomfaa kila mgonjwa. Aliyekatazwa mayai, samaki, maharage na nyanya kwa mkupuo atabaki na njaa na magamba. Kinachojulikana ni kwamba mwenye uzito mkubwa akiupunguza, ngozi mara nyingi hutulia, na kuacha sigara na pombe kunasaidia. Ukishuku chakula fulani, andika kwenye daftari ulichokula na ngozi ilivyokuwa kwa wiki kadhaa. Daftari litakwambia ukweli kuliko jirani.

Sasa yale ya kuacha. Kitunguu saumu kilichopondwa kikifungwa kwenye ngozi kinababua. Mama wa maandazi ana kovu la kiwikoni la kushuhudia. Ndimu ikipakwa kisha ngozi ikapigwa na jua huacha malengelenge na weusi. Mafuta ya taa, maji ya betri, magadi na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe havina kazi yoyote kwenye ngozi yenye soriasisi.

Tyubu ya miujiza

Baada ya kitunguu saumu, shoga yake mmoja alimletea tyubu iliyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Wiki ya kwanza mabaka yalififia, akashukuru Mungu, akavaa mikono mifupi. Tyubu tatu baadaye ngozi ya kiwiko ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia vitumbua, na alipoacha, mabaka yalirudi na wenzao.

Ndani yake mlikuwa na steroidi kali. Steroidi ya kupaka ni dawa nzuri ikiandikwa kwa nguvu inayofaa, mahali panapofaa na kwa muda uliopangwa. Ikitumiwa ovyo huchakaza ngozi. Sindano na vidonge vya steroidi ni hatari zaidi kwa ugonjwa huu: vikikatishwa, soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima au kuleta vipele vyenye usaha. Ukiona mtu karibu mwili wote umewaka na kubanduka, anatetemeka kwa baridi na ana homa, usichemshe mizizi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ni kweli kwamba tiba ya kuung'oa kabisa haijapatikana. Lakini tiba ya kuutuliza ipo. Asidi ya salisiliki na lami ya makaa ya mawe, dawa kongwe za kupaka, zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kwa walioathirika sana kuna vidonge vya methotreksati, ambavyo kwa soriasisi humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuvimeza kila siku kwa makosa kumewaua watu, na mjamzito hapaswi kuvitumia kabisa. Wataalamu nao tunao: huko Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1992 maofisa wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, ili utaalamu ufike mbali na miji mikubwa.

Hospitali pia itatazama zaidi ya ngozi. Wagonjwa wengine hupata maumivu na ukakamavu wa viungo, hasa asubuhi, na viungo visipotibiwa mapema vinaweza kulemaa. Kisukari, presha, magonjwa ya moyo na sonona huonekana zaidi kwa wenye soriasisi. Anayepambana kwa mizizi peke yake chumbani hatapimwa hata kimoja kati ya hivyo.

Wito wangu

Kwako mwenye soriasisi: hujakosa, hujarogwa, huna uchafu. Anza na vaselini leo, na nenda zahanati wiki hii. Taja wazazi wako, maumivu ya koo, dawa unazomeza na zote ulizojaribu, hata zile unazozionea haya. Hakuna atakayekucheka kuliko ulivyojicheka mwenyewe.

Kwenu ndugu wa nyumba moja: kabla ya kuleta mzizi mwingine, ulizeni, "Umelala? Inawasha? Nikupake mgongoni ambako mkono haufiki?" Kupakwa mgongo na mtu asiyekunja uso ni dawa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Kwenu vinyozi na wasusi: ninyi mnaona vichwa vyetu kabla ya daktari. Ukikuta magamba mazito, usishushe mashine kwa mshtuko mbele ya wateja. Nyoa taratibu, safisha vifaa vyako kama unavyopaswa kwa kila mteja, kisha mnong'oneze, "Kaka, hii iangaliwe hospitali, inatulizwa." Msusi naye asivute misuko ikamchubua mtu.

Kwenu wauza dawa: tyubu ya steroidi bila cheti ni faida ya leo na ngozi ya mtu kesho. Rudisha tyubu kabatini, uliza mabaka yako wapi na tangu lini, kisha mwelekeze hospitali.

Kwenu waganga wa tiba asili, ambao sheria ya nchi inawatambua tangu mwaka 2002: mnaaminiwa na watu wengi. Mgonjwa mwenye magamba, vishimo vya kucha na maumivu ya viungo, mtumeni hospitali. Kujua mpaka wa dawa yako ni sehemu ya uganga.

Kwenu walimu, maimamu, wachungaji na wenyeviti wa mitaa: tarehe 29 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Soriasisi Duniani. Dakika tano baada ya paredi, baada ya sala au kwenye mkutano wa mtaa zinatosha kusema neno moja: hauambukizi. Na kwenu mnaopanga bajeti za afya: Mei 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio likiutambua ugonjwa huu kuwa sugu, wenye maumivu na wa kulemaza, na kuzitaka nchi zipambane na unyanyapaa. Zahanati isiyo na marhamu ya salisiliki wala mtu aliyefunzwa kutambua magamba itaendelea kuwapeleka wagonjwa kwenye kitunguu saumu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila wakati mwingine anayeficha amefichishwa na sisi. Mpira ule wa blauzi ulishonwa na macho yetu.

Mama wa maandazi hajapona, na hasemi amepona. Mabaka yamepungua, mengine yameacha alama tu, na ana tyubu moja iliyoandikiwa jina lake pamoja na kopo la vaselini lisiloisha. Siku hizi anakaanga kwa mikono mifupi. Yule mtoto aliyetaka kumpangusa unga bado hupita asubuhi. Nilimwona juzi akiinua sarafu yake, akaupita ubao, akaiweka katikati ya kiganja cha bibi na kungoja chenji yake palepale, kiganja juu ya kiganja.

Kesho asubuhi ukipita kwa anayekuuzia, na mkono wake una magamba, fanya hivyo.